Kusaidiwa na wenye Subaru wenzako: jua kupokea

Watu wengi huingia kwenye kundi la mtandaoni la wenye Subaru siku ambayo gari limewasumbua. Mtu anaunganishwa na rafiki yake usiku, salamu hajamaliza, tayari ametupia picha ya dashibodi: taa ya injini inawaka, ya kudhibiti mwendo inamweta, na ya kuzuia utelezi nayo imo. "Wakuu, naombeni msaada, ndiyo limekufa hili?" Dakika chache baadaye anajibiwa na watu ambao hajawahi kuonana nao, mmoja yuko Mbeya, mwingine Mombasa, mwingine yuko kazini Sharjah. Wanamtuliza kwamba kwenye Forester, mojawapo ya aina za Subaru, taa hizo huwaka kwa pamoja injini ikigundua hitilafu, asidhani ana matatizo matatu. Wanamuonya pia: taa ya injini ikiwaka bila kumweta na gari linatembea vizuri, anaweza kufika nyumbani taratibu, lakini ikiwa inamweta, apaki, kwa sababu kuna silinda haichomi na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuharibu katalisti, kisafisha moshi kwenye ekzosi.

Nimekaa kwenye kundi kama hilo kwa miaka mingi na jambo hili bado linanigusa. Mtu ametoka kazini amechoka, chakula kinapoa mezani, yeye anaandika maelezo marefu kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura. Hakuna anayemlipa.

Lakini nimeona pia watu wa aina hiyo wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Hawagombani na mtu, hawajitoi kundini. Wanaacha tu kujibu. Ukiwauliza pembeni, majibu yanafanana: wamechoshwa na namna wanavyopokelewa. Ndiyo maana ushauri wangu leo nauelekeza kwako wewe unayeomba.

Anza na swali lenyewe. "Gari linatetemeka, shida nini?" ni swali ambalo hata fundi wa miaka thelathini hawezi kulijibu. Andika ni Forester ya toleo gani, SG5 au SH5, injini ni EJ20 au FB20, limetembea kilomita ngapi, linatetemeka likiwa baridi au likishapata moto, ukiwa kwenye foleni au ukikanyaga mafuta, na kitu gani kilibadilishwa hivi karibuni. Kisha soma kodi, ile namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth si cha bei kubwa, na kama huna, uliza aliye jirani yako. Karibu kila mtaa wa Dar yupo mwanakikundi anacho. Ukija na P0301, umeshamrahisishia kazi anayekusaidia. Anajua ni silinda namba moja haichomi. Kwenye FB20, ambapo kila silinda ina koili yake ya kuwashia plagi, atakuambia utoe koili ya namba moja uibadilishe na ya namba tatu, ziko upande mmoja, ufute kodi, uendeshe kidogo. Kodi ikirudi ikiwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, geukia plagi na mengine. Jaribio hilo halikugharimu shilingi, na linakuepusha kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua koili nne kwa kubahatisha.

Na tafadhali, andika. Ukituma sauti ya dakika nne, aliye kwenye daladala hawezi kuisikiliza, na wiki ijayo hakuna atakayeipata akitafuta.

Sasa nije kwenye jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote: rudi useme iliishaje. Mtu amekupa usiku wake. Kitu pekee anachotamani ni kujua kama alichokuambia kilikuwa sahihi. Wengi wetu tukishapona tunapotea, tunaonekana tena taa nyingine ikiwaka. Hili ndilo linalowanyamazisha watu wakarimu, ninaamini hivyo kabisa.

Kuna dada mmoja, mwalimu wa sekondari, aliingia na SH5 iliyokuwa ikivuma nyuma kuanzia mwendo wa sitini. Wengine walimwambia ni difu (gia za ekseli ya nyuma), wengine matairi yameliwa vibaya. Mmoja akamwelekeza atafute barabara pana isiyo na magari, aende mwendo ule ule, akate kidogo kulia kisha kushoto na asikilize. Mvumo ukaongezeka alipokata kulia, ukapungua alipokata kushoto. Ukikata kulia uzito wa gari unahamia kushoto, kwa hiyo beringi ya nyuma kushoto ikawa mtuhumiwa. Alipotoka gereji alirudi na kila kitu: picha ya beringi iliyotolewa, njia yake ya ndani ikiwa imechimbika vijishimo, namba ya kipuri, bei ya kipuri, bei ya ufundi, na shukrani kwa jina kwa kila aliyechangia, hata waliosema difu. Ule ujumbe umefufuliwa mara nyingi mno. Kila anayekuja na mvumo wa nyuma anapewa kwanza maneno ya Mwalimu. Yeye si fundi, na hajawahi kujidai fundi, lakini sidhani kama yupo mtu kundini aliyewasaidia wenzake wengi kumzidi.

Kwa hiyo mgeni asiseme hana cha kutoa. Una bei ulizoulizia jana. Una jina la duka lililokuuzia kipuri kikadumu. Una picha.

Vifaa ni eneo ambalo urafiki huvunjika kimyakimya. Subaru nyingi zinahitaji soketi namba 32 kufungulia nati ya ekseli, na hiyo haimo kwenye boksi la kawaida la spana. Kwetu yupo mzee mmoja, tunamwita Baba, anayo, pamoja na kivuta beringi na toki renchi nzuri (spana ya kukaza kwa kipimo), na anaazimisha bila maswali. Ukiazima kwa mtu wa namna hii, fuata mwenyewe, usimtume bodaboda. Taja siku ya kurudisha kabla hujaulizwa. Rudisha kikiwa kimefutwa grisi, na kikivunjika nunua kingine kabla ya kwenda kuomba radhi. Toki renchi ile ya kubofya ilegeze hadi alama ya chini kabisa kabla ya kuiweka kwenye kasha lake, kwa sababu springi ikikaa imekazwa wiki nzima inapoteza kipimo. Baba akifungua kasha huangalia hapo kwanza. Hasemi kitu, ila uso wake unakujibu kama utaazimwa tena.

Muda wa mtu nao uuheshimu vivyo hivyo. Mkanda wa taimingi wa EJ20 wengi tunaubadilisha ukifikisha kilomita 100,000, kwa sababu ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinakutana na pistoni na hapo unazungumzia kufungua injini. Ni kazi ya siku nzima kwa watu wasio mafundi. Mwenzako akikubali kuja Jumamosi mfanye pamoja, akukute una mkanda, tenshena (kikaza mkanda), idla zote (puli za kuongoza mkanda), pampu ya maji na maji ya rejeta, vyote vimenunuliwa na kukaguliwa tangu Alhamisi. Mpe nauli au mafuta ya kuja na kurudi, hata akikataa. Chakula cha mchana kiwe cha kushiba. Wakati wa kubana tenshena kwenye jiliwa, inayotakiwa kurudishwa ndani polepole sana mpaka pini ipite kwenye tundu, simama karibu uangalie, shika tochi, uliza. Ukienda kukaa sebuleni na simu yako, umemgeuza kibarua.

Fundi aliyemo kundini ni habari nyingine kabisa. Ushauri anaoutoa kwa maandishi ni zawadi yake. Mikono yake ndiyo inayolisha watoto wake. Sipendi hata kidogo nikisikia mtu anamwambia, "Nifanyie bei ya kundi, si sisi ni ndugu?" Kama ni ndugu, mlipe bei kamili na umlipe siku hiyo hiyo. Akitaka kukupunguzia, atapunguza mwenyewe.

Kuhusu vipuri vya kuagiza, tulipata somo kutoka kwa kijana wetu aliye Sharjah. Huko kuna yadi kubwa za vipuri vilivyotumika, na mwanzoni alikuwa anakwenda kwa mapenzi tu. Anaikuta alteneta, anaizungusha kwa mkono karibu na simu ili usikie kama beringi zake zinakwaruza, anapiga picha ya namba, anauliza bei, anakutumia. Taratibu maombi yakawa mengi, watu wakawa wanamhimiza kama vile wamemwajiri, na kipuri kikifika na kasoro lawama zinamwangukia yeye. Alikaribia kuondoka. Kilichomrudisha ni kukaa chini na kuandika utaratibu: bei ya yadi na picha ya risiti, gharama ya kusafirisha, na posho yake ya kuzunguka, vyote vijulikane kabla hajatoka nyumbani, fedha itangulie, na anayeagiza kipuri kilichotumika akubali kwamba ni bahati yake, mradi picha na video alionyeshwa. Wapo waliosema posho inaharibu undugu. Mimi nasema ndiyo iliyouokoa, maana mpaka leo yupo, bado anatuma video, na akiona kitu cha mtu mwenye shida kweli anakilipia mwenyewe bila kutangaza.

Michango ya misiba na hospitali sitaisemea sana, kila kundi lina desturi zake. Ila mtunza fedha asiwe peke yake, orodha iwekwe wazi, tarehe ya kufunga ijulikane, na asitajwe hata kwa mafumbo ambaye hakutoa. Huwezi kujua mwenzako anapitia nini mwezi huu.

Barabarani ndipo ukarimu huu unapoonekana kwa macho. Gari likichemsha Kitonga, kwenye ule mpando wa kwenda Iringa wenye kona na malori yanayotambaa, mtu wa Iringa mjini anaweza kuacha shughuli zake akaja na hozi na maji. Wewe fanya sehemu yako. Toa gari pembeni kabisa, weka pembetatu, tuma mahali ulipo pamoja na picha ya gari, sema mko wangapi. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto. Yale maji yanaruka na yanababua. Kama ni usiku, au ni mama peke yake na watoto, omba admini amtambulishe anayekuja, waje wawili, na ikiwezekana msubiriane kituo cha mafuta au karibu na polisi. Aliyekuja kwa nia njema hatakasirika kwa tahadhari hiyo. Gharama ya mafuta yake iulize mapema na uitume kabla hajafika nyumbani kwake.

Na ukiwa unasafiri kesho, sema leo. Andika tu kwamba unatoka Dar alfajiri kwenda Njombe, unapita Morogoro na Iringa, na buti lina nafasi. Mara nyingi atajitokeza mtu mwenye rejeta inayosubiriwa Makambako, na mwenye gari huko amekuwa akipanda bodaboda wiki nzima. Mwambie aliyeleta mzigo aufungue mbele yako, uuone ni kitu gani, upige picha uweke kundini, kisha mpokeaji akupe namba yake na muda atakaokuwa stendi.