Kuosha na kutoa upya santuri za filamu zilizoota koga

Kaka, hizo santuri za filamu za Kihindi ulizozikuta kwenye kasha la babu hapo Lamu usizifute kavu. Koga imeshikana na chumvi na mchanga, itachora mistari. Kwanza soma lebo: ikiandikwa 78 (mizunguko kwa dakika) na sahani ni nzito, ni ya sheliki, aina ya utomvu mgumu. Tafadhali usiitie spiriti kabisa, huyeyusha sheliki na sauti huondoka nayo.

Tumia maji ya distila, lita moja kwa tone moja la sabuni ya vyombo. Ya kisima yana chumvi. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, lebo isilowe. Suuza, isimamishe kivulini. Juani LP, zile santuri za plastiki, hujikunja.

Sindano ya LP haifai kwa 78: hufika chini ya mfereji penye uchafu, ukasikia mchakacho mtupu. Tafuta ya mili 3, yaani sehemu tatu za elfu za inchi. Rekodi kwenye kompyuta kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 96, na nakala mbichi usiiguse.

Hakimiliki, ukitaka kuzitoa upya: rekodi hulindwa miaka 60 India tangu itolewe, Kenya 50 tangu irekodiwe. Haki ya mtunzi wa wimbo huenda mbali zaidi: maisha yake, kisha miaka 60 India, 50 Kenya. Wengi hujikwaa hapo.