Mbao za makumbi na mchwa

Ndugu yangu wa Muheza, umesema una makumbi ya nazi na mabua ya mahindi, unataka kutengeneza mbao za dari, lakini zile za majaribio zililiwa na mchwa ndani ya masika moja. Pole, ila mabua ndiyo yaliyokuponza. Yana moyo laini wenye sukari. Kwa mchwa hiyo ni karamu.

Anza na makumbi. Yana lignini nyingi, ile gundi ya asili inayofanya mti uwe mgumu. Yakisagwa, yakakaushwa na kubanwa kwa presi yenye joto la juu, kuanzia nyuzi joto 140 za Selsiasi hivi, lignini hulainika na kushikamanisha nyuzi bila gundi ya dukani. Shida ni presi yenyewe, bei yake haishikiki.

Huna presi? Tumia saruji. Hapa wengi hukosea: makumbi mabichi hutoa maji ya kahawia, na hayo huizuia saruji isigande. Loweka, mwaga, loweka tena mpaka maji yawe karibu meupe, ndipo uchanganye. Ubao wa saruji mchwa hauutaki, ingawa ni mzito, kwa hiyo kenchi ziwe imara.

Mabua ukiyang'ang'ania, yaloweke kwenye maji ya boraksi, chumvi ya madini inayozuia mchwa, kabla ya kuyabana. Vaa glavu, na usiyaweke panapovuja: boraksi huoshwa na mvua, nawe utarudi ulikoanzia. Hebu kwanza tuambie, paa lako ni la makuti au bati?