Ningeuliza nani atakayemlisha jioni

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ikibidi mzazi wako akaishi kwenye makao ya wazee, utauliza nini kabla ya kumwacha pale?" Mimi nisingeanza na ada wala usafi wa vyumba. Ningeuliza: jioni wanaolishwa ni wangapi, na wa kuwalisha ni wangapi?

Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika makao hapa Leicester, Uingereza. Wageni wanaotutembelea hawajui sahani moja inachukua muda gani. Chukua bibi aliyepata kiharusi, kumeza kwake ni kwa shida. Unamkalisha wima, unaangalia kama meno ya bandia yamekaa sawasawa. Chakula kimesagwa, na chai imetiwa unga wa kuifanya nzito ili isimwingie kwenye njia ya hewa. Unampa nusu kijiko, unasubiri ameze, unahakikisha kinywani hamna kitu, ndipo unampa kingine. Ukimharakisha anapaliwa, na kupaliwa kwa mzee kunaweza kuishia kwenye nimonia. Akishiba humlazi papo hapo, abaki amekaa kama nusu saa. Mlo wenyewe ni dakika 30, tena siku akiwa mzima.

Sasa piga hesabu: wazee 8 wa kulishwa, wahudumu 2. Zamu ya wa mwisho inafika baada ya saa moja na nusu, chakula kimeshapoa. Hapo ndipo vijiko vinapoanza kwenda mbio, sahani inarudi jikoni na nusu ya chakula, na kwenye daftari panaandikwa "amekataa kula". Maneno hayo yananiuma sana, kwa sababu mara nyingi mzee hakukataa chochote. Hakupewa muda tu.

Na maji je? Mzee hasikii kiu kama kijana, hayo ni maumbile. Lakini wapo wanaojinyima kwa makusudi. Mama mmoja, mwalimu mstaafu mwenye akili zake timamu, alikuwa akirudisha kikombe cha chai kila alasiri. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba akinywa atataka kwenda msalani, na akibonyeza kengele hakuna atakayefika kabla hajajilowesha. Aliona heri kiu kuliko fedheha hiyo. Mzee akikaa hivyo siku kadhaa anaweza kupata maambukizi ya njia ya mkojo, anachanganyikiwa, anaanguka, halafu watu wanasema ni uzee. Uzee gani huo, na kengele imelia dakika 20?

Sheria ipo. Kanuni za England za mwaka 2014 zinataka mzee apate chakula na maji ya kutosha, asiyejiweza asaidiwe kula, na wafanyakazi wawe wa kutosha. Ila "wa kutosha" ni wangapi, hazikutaja. Na tangu Julai 2025 serikali imezuia makao kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo, wakati mapengo mengi ya zamu tulikuwa tunayaziba sisi wageni.

Ningeuliza pia kama wazee wanapimwa uzito kila mwezi, na nani anayesoma vipimo hivyo. Mtu aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi 3 hadi 6 bila kukusudia yuko hatarini, na asingefika hapo kama mtu angeshtuka mapema.

Huko nyumbani Tanzania, makao kama ya Nunge pale Kigamboni au Sebleni kule Unguja hupokea wageni wenye mchele, sukari, mafuta na sabuni. Sadaka hiyo ina thawabu yake na wazee wanaihitaji. Lakini ambaye mikono inatetemeka hata kijiko hakishikiki, mchele huo utamfikaje kinywani? Kikundi kinachochanga kila Ramadhani au kila Krismasi kingeweza kukubaliana na uongozi wa makao kulipa posho ya mhudumu mmoja wa jioni kwa mwaka mzima. Waanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, wamuulize zamu ipi ina upungufu mkubwa zaidi.