Maswali yenu: haibridi ya kuchomeka iliyotumika, utajuaje kama bado nzima?

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu haibridi za kuchomeka (PHEV), zile unazochaji kwenye soketi na bado zina tenki la petroli. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Nimepata Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014, kilomita 58,000 tu. Muuzaji anasema kilomita chache maana yake betri bado kama mpya. Nimwamini?

Usimwamini, hata kama hakudanganyi makusudi. Betri ya lithiamu inachoka kwa kutumika na inachoka kwa umri, yaani hata ikiwa imepaki tu inaendelea kuzeeka, na ikikaa imejaa chaji sehemu yenye joto ndo inazeeka haraka zaidi. Alafu betri za hizi gari ni ndogo, hiyo yako ilitoka kiwandani na 12 kWh tu za umeme, so mwenye kuchaji kila siku anaijaza na kuimaliza kila siku, wakati gari ya umeme tupu yenye betri kubwa ingerudi nyumbani imeshuka kidogo tu. Kwa hiyo gari mbili zenye odometa sawa zinaweza kuwa na betri tofauti kabisa, moja ilichajiwa kila usiku, nyingine waya wake haujawahi kutolewa kwenye mfuko.

Dawa ni kupima. Tafuta kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, kichomeke kwenye soketi yake chini ya dashibodi upande wa dereva, na app inayoijua hiyo gari, uangalie namba ya ampea-saa (Ah), yaani umeme ambao betri bado inaweza kubeba. Outlander hizo za mwanzo zikiwa mpya ni 40, so ukikuta 36 umebaki na asilimia 90, ukikuta 28 ni asilimia 70 na bei lazima iongelewe upya. Angalia na volti za seli, ziko 80, mwenzako akikanyaga mafuta zote zishuke karibu sawa, sasa moja ikishuka sana kuliko wenzake hiyo ndo itakusumbua hata kama wastani unapendeza.

Huna kifaa? Ichaji mpaka ijae, rudisha tripu kwenye sifuri, zima hita, endesha kwa upole mpaka injini iwake yenyewe, uhesabu kilomita. Zile kilomita zinazoandikwa kwenye skrini kabla hujaondoka zisikutie moyo wala kukukatisha tamaa, ni makisio tu na yanafuata jinsi dereva aliyepita alivyokuwa anaendesha.

Mwenye gari anasema ameendesha kwa umeme tu, injini karibu haijaguswa. Si ndo safi hiyo?

Mimi hiyo inanipa wasiwasi kuliko kilomita nyingi. Petroli inakaa kwenye tenki inaharibika, injini ikiwaka dakika mbili ikazima haipati moto wa kutosha kwa hiyo maji na petroli vinabaki kwenye oili. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili, Chevrolet Volt isipowasha injini kama wiki sita hivi inaiwasha yenyewe, na Outlander ikikaa karibu miezi mitatu bila kuongezewa mafuta ya kutosha nayo inawasha. So kwenye rekodi za servisi angalia tarehe za kumwaga oili, sio kilomita, maana wengi wanasema "haijatembea" na oili inakaa miaka.

Ukienda kuiona, shika boneti iwe ya baridi, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando mweupe kama maziwa uliza vizuri. Alafu endesha nusu saa injini ikiwa inafanya kazi, na spidi kubwa ukipata barabara. Usisahau breki! Hizi gari zinapunguza mwendo kwa mota, diski hazisuguliwi sana, zinashika kutu na kalipa, vile vinavyobana diski, zinakwama, ni ugonjwa wa kawaida kabisa na watu hawauangalii.

Ni kweli zinaharibika kuliko haibridi za kawaida, zile zisizochomekwa?

Kwa wastani ndiyo. Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa, kwenye utafiti wake wa 2023 ilikuta haibridi za kuchomeka zina matatizo asilimia 146 zaidi ya gari za petroli, wakati haibridi za kawaida zilikuwa na asilimia 26 pungufu. Mwaka 2024 hiyo 146 ikashuka mpaka 70. Sababu haishangazi, umebeba gari mbili kwenye bodi moja pamoja na chaja. Ila wastani haukuambii kuhusu gari iliyo mbele yako, kwa hiyo chukua namba ya chasisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna marekebisho ya kiwandani hayajafanyika. Ford Kuga ya kuchomeka iliitwa irudi 2020 kwa hatari ya betri kushika moto, na mwaka 2022 wenye Chrysler Pacifica za kuchomeka waliambiwa wazipaki nje mbali na nyumba. Gari ya namna hiyo bila ushahidi wa kurekebishwa, achana nayo.

Niliyoenda kuiona iligoma kuwaka kabisa, skrini giza. Betri kubwa imekufa?

Mara nyingi ni betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa, ikilala gari yote inalala. Ipimwe hiyo kwanza kabla ya kukimbia.

Nakaa ghorofani, sina pa kuchaji. Bado inalipa?

Hapana, na nasema hivi nikiwa nazipenda hizi gari. Kamisheni ya Ulaya ilitoa 2024 takwimu zilizosomwa kwenye magari yenyewe barabarani, hewa ya kaboni inayotoka ni kama mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi, na sababu kubwa ni watu kutochaji. Bila soketi unabeba betri nzito na chaja usiyoitumia. Chukua haibridi ya kawaida, mpaka utakapohamia sehemu yenye soketi yako.