Mguu mmoja kuvimba baada ya safari ndefu

Dada, umesema mguu wa kushoto umevimba tangu ushuke kwenye ndege juzi, shavu la mguu linauma, na unauliza kama ukandwe. Usiukande. Nenda hospitali leo hii.

Uvimbe wa uchovu wa safari kwa kawaida hushika miguu yote miwili. Wa mguu mmoja, tena wenye maumivu na joto, hunitia shaka kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukikaa saa nyingi bila kusogea, misuli ya mguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu moyoni, inalala. Ujauzito, upasuaji wa karibuni au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza hatari, kwa hiyo mwambie daktari yote.

Kipimo kikuu ni altrasaundi, hakiumi. Wakikuta bonge la damu, utapewa dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 3 au zaidi. (Wengi hudhani dawa hizo zinaliyeyusha, kumbe zinalizuia lisikue, mwili wenyewe ndio huliyeyusha taratibu.)

Ukianza kuhema ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, huenda bonge limefika mapafuni. Hapo usisubiri hata asubuhi.