Tuliyoyaahidi kwa sauti moja

Maswali haya manne yameletwa na washirika wa makanisa ya Kimethodisti ya hapa Mombasa.

Swali: Januari nilisimama na wenzangu katika Ibada ya Agano, nikaahidi kujitoa kwa Mungu. Mwaka unakwisha na sijabadilika. Je, mwakani nibaki nimeketi wengine wakisimama? (Dada wa Jomvu)

Simama, dada yangu. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliianzisha ibada hii London mwaka 1755 kwa ajili ya watu waliokuwa tayari wamebatizwa na kuamini, nasi tunairudia kila mwaka kwa sababu ahadi ya mwaka jana huchakaa mikononi mwetu. Sikiliza vizuri tutakaposali tena: sala ile husema "mimi", wala si "sisi", lakini husemwa na kanisa zima kwa pamoja, hata kila mtu humsikia jirani yake akijifunga. Mweleze mmoja wa hao waliokusikia ni wapi hasa unashindwa, na umweleze kabla ya Januari.

Swali: Niliahidi shilingi 20,000 za paa la kanisa. Vibarua vya bandarini vimepungua, nimelipa 3,500 tu. Majina ya wenye baki husomwa kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimeacha kuja. (Ndugu wa Changamwe)

Pole sana, ndugu yangu. Nimewahi kuwa mweka hazina, na daftari la ahadi nalijua vizuri: jina, kiasi alichoahidi mtu, alicholipa, na pembeni kabisa safu ya baki, niliyokuwa nikiiandika kwa wino mwekundu. Niliona watu wakipotea kanisani mmoja baada ya mwingine, na karibu wote majina yao yalikuwa na wino ule.

Ningependa wazee wetu wakumbuke yaliyotokea Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Wamethodisti walikuwa na deni la jengo, wakashauriana kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mmoja akasema wengi wao ni maskini, hawataweza. Ndipo Captain Foy akaomba akabidhiwe watu 11 walio maskini kuliko wote, awapitie kila wiki, na asiyekuwa na kitu amlipie yeye mwenyewe. Wengine wakafuata mfano huo, na katika kupita nyumba kwa nyumba wakagundua jinsi watu walivyokuwa wakiishi, nani ni mgonjwa na nani ameanguka. Vikundi vyetu vya kutunzana kiroho vilizaliwa hapo, kutokana na deni ambalo mwenye nguvu alikubali kulibeba pamoja na asiye nazo. Kumsomea mtu baki yake mbele ya watoto wake ni kinyume kabisa cha jambo lile, na nawasihi viongozi waliache.

Wewe nenda kwa mweka hazina katikati ya wiki, mweleze hali ya kazi, mwandike kiasi unachokiweza, hata kiwe shilingi 200 kwa mwezi. Na Jumapili hii uje. Uliahidi fedha, ni kweli, lakini kabla yake uliahidi kuabudu pamoja nasi, na ahadi hiyo haihitaji kibarua.

Swali: Mtoto alipobatizwa, sote tuliitikia kwamba tutasaidia kumlea katika imani. Sina mtoto, na hata jina lake silijui. Ahadi hiyo inanihusu? (Mshirika wa Likoni)

Inakuhusu kabisa. Anza na jina lake, kisha la mama yake. Akikosekana Jumapili mbili, pita kwao ubishe hodi.

Swali: Nilieleza shida za ndoa yangu katika kikundi chetu cha maombi. Siku ya tatu, mwanamke mmoja sokoni Kongowea akanipa pole. Nitawaaminije tena? (Mama wa Kisauni)

Mama, umekosewa, wala usikubali kuambiwa "samehe tu" ili mambo yaishe haraka. Mathayo 18 inatupa utaratibu: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili peke yenu, asiposikia, nenda tena na mmoja au wawili, akikataa bado, kanisa liambiwe. Akikiri, basi akiri tena kikundini mlikokuwa mmeketi, kwa kuwa kila aliyekuwepo alikuwa amekuahidi usiri, na wote wanapaswa kusikia ulivyovunjwa. Hadi hapo, una haki ya kuja kwenye maombi na kunyamaza.