Barua kwa mwanangu: namna ya kusoma rekodi ya mtafiti wa ubongo

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Rehema,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini, kwa kuwa inahusu jambo nililolishughulikia kwa miaka mingi nikiwa mkutubi wa chuo. Umeniuliza ni yupi umfuate kati ya wasimamizi wawili waliokubali kukuongoza katika uzamivu wa sayansi ya ubongo: profesa wa Ulaya ambaye fahirisi yake ya h, yaani kipimo cha jinsi makala zake zinavyonukuliwa na watafiti wengine, imepita sabini, au yule wa Afrika Kusini ambaye yake haijafika ishirini. Umeandika kwamba kwa tarakimu hizo jibu liko wazi. Mimi silioni wazi hata kidogo.

Fahirisi hiyo ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego. Mtafiti mwenye fahirisi ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kwa hesabu hiyo, aliyeandika makala 5 tu, hata kama kila moja imenukuliwa maelfu ya mara, atabaki na 5, na kwa kuwa fahirisi kwa kawaida haishuki, mzee aliyeacha kuingia maabara zamani ataendelea kumzidi kijana anayefanya kazi usiku na mchana. Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Kabla ya kuangalia makala imenukuliwa mara ngapi, tafuta imenukuliwa kwa ajili ya nini. Karl Friston wa London ni miongoni mwa wanasayansi wa ubongo walionukuliwa zaidi duniani, na sehemu kubwa ya nukuu hizo inatokana na mbinu zake za takwimu za kuchambua picha za ubongo, ambazo kila anayezitumia analazimika kuzitaja. Hiyo ni kazi kubwa na ninaiheshimu, lakini ni sifa ya aina yake, na haifai kulinganishwa na sifa ya aliyegundua seli mpya. Vilevile makala za mapitio, zinazokusanya kazi za wengine, mara nyingi hunukuliwa kuliko makala za majaribio zenyewe.

Wala nukuu si ushahidi kwamba jambo ni la kweli. Makala iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2006 kuhusu aina ya amiloidi (protini inayojikusanya kwenye ubongo) iliyodaiwa kuharibu kumbukumbu ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, kisha ikaondolewa rasmi mwaka 2024 kwa sababu picha zake zilionyesha dalili za kuchezewa. Kwa upande mwingine, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walichapisha mwaka 1971 makala fupi sana kuhusu seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya zinazoamka mnyama anapofika mahali fulani. Tuzo ya Nobel ilimfikia O'Keefe mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Tume ya ajira ambayo ingempima kwa nukuu za miaka michache ya mwanzo ingepima kitu kingine kabisa.

Tena kuna magonjwa ambayo watafiti wake ni wachache kwa sababu wagonjwa wake ni maskini. Mwaka 1990 jarida la Brain lilichapisha makala ya William Howlett, Nicholas Mlingi wa hapa kwetu na wenzao, kuhusu konzo nchini Tanzania, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla kwa watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Anayechunguza konzo hawezi kupata nukuu kama anayechunguza Alzheimer, ugonjwa wa uzeeni unaofuta kumbukumbu, hata akiwa na akili na bidii maradufu, kwa kuwa wa kumnukuu hawapo. Ninakuomba ulikumbuke hili hasa kwa sababu umeniambia unataka kurudi kufanya kazi Muhimbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe, kama mwanafunzi, linakuhusu kuliko yote. Katika fani yako, jina la kwanza kwenye makala kwa kawaida ni la aliyefanya majaribio, na la mwisho ni la mkuu wa maabara. Kwa hiyo fungua orodha ya makala za kila mmoja wao, uache tarakimu zilizo juu, ukaangalie majina ya kwanza. Je, ni ya wanafunzi wa uzamivu, au ni ya watafiti waliokwisha kuhitimu, huku majina ya wanafunzi yakiwa yamefichwa katikati? Mwanafunzi aliyeanza mwaka fulani alipata makala yake ya kwanza baada ya muda gani? Na baada ya kuondoka, jina lake linaendelea kuonekana mahali pengine, au linapotea? Maabara yenye watu wengi humzalishia mkuu wake makala kila mwezi, na fahirisi yake hupanda, ilhali huenda kuna mwanafunzi ambaye amekaa miaka mitano bila kuonana naye ana kwa ana zaidi ya mara chache. Tarakimu ya profesa haiwezi kukuonyesha mwanafunzi huyo.

Kwa yale uliyonieleza, ninaegemea kwa yule wa Afrika Kusini, kwa kuwa unasema karibu kila makala yake ina mwanafunzi mbele. Lakini sitaki uamue kwa neno langu. Waandikie wanafunzi wawili au watatu waliohitimu kwa kila mmoja wao, uwaulize walikuwa wakikutana na msimamizi mara ngapi na nani aliamua mpangilio wa majina. Kisha nitumie orodha zote mbili, nizipitie mwaka kwa mwaka kabla hujajibu mwisho wa mwezi.

Baba yako na wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako